Jua la Kishapu na Ardhi ya Meru

Mada iliyotolewa katika mkutano wa hadhara wa kata



Jumamosi iliyopita, sokoni Tengeru, mama mmoja muuza maharage alinisimamisha akaniuliza: "Mwalimu, hilo jua la Kishapu litatuwashia taa na sisi huku?" Nilimjibu kwa haraka, wala sikuridhika na jibu langu. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Kishapu ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2023 TANESCO ilitia saini mkataba wa kujenga huko kituo cha umeme wa jua, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mpango wote ni megawati 150: awamu ya kwanza 50, awamu ya pili 100. Umeme huo umekusudiwa kuingia gridi ya Taifa, na gridi ni kama mfereji mmoja unaolishwa na chemchemi nyingi. Anayefungulia maji shambani kwake hawezi kusema haya ni ya chemchemi ipi. Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Makao makuu ya nchi, Dodoma, yatautumia, na Usa River itautumia vilevile.

Lakini jua huzama. Matumizi yetu hupanda kuanzia saa moja jioni, wakati ambao paneli hazitoi kitu pasipo betri. Faida yake iko mchana: umeme wa jua ukifanya kazi, maji hubaki katika mabwawa kama Mtera na Nyumba ya Mungu, yakasubiri usiku. Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, watajua thamani ya maji yaliyowekwa akiba.

Wengine wameuliza kwa nini kituo kama hicho kisijengwe kwetu. Miteremko ya kusini ya Mlima Meru haifai sana. Juni na Julai tunakaa siku nzima chini ya wingu. Upande wa kaskazini, Ngarenanyuki, ni habari nyingine: mvua chache, anga jeupe. Sijasikia mpango wowote wa huko, nanyi msitoke hapa mkasema nimeutangaza. Hata hivyo ni heri tuzungumze mapema.

Kituo cha jua ni ardhi kwanza, mitambo baadaye. Megawati 1 huhitaji takriban hekta 1 hadi 2. Megawati 50, basi, ni kati ya ekari 125 na 250, zikizungushiwa uzio. Na neno ardhi katika masikio ya Wameru si neno jepesi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji, na nyumba zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilipeleka shauri hilo hadi Umoja wa Mataifa, New York. Wapo humu waliosimuliwa jambo hilo na mama zao waliolishuhudia.

Leo tuna sheria yetu wenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Tena ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa. Basi anayekosa mkutano mkuu kwa sababu ni siku ya kumwagilia nyanya ajue kwamba kura yake imebaki shambani.

Mimi binafsi ningependa tuanze na mapaa. Paa la shule au la zahanati halimnyang'anyi mtu malisho, na friji ya chanjo haingoji mradi mkubwa. Hilo tunaweza kulipeleka katika vikao vya bajeti vya halmashauri yetu, kupitia diwani, mwaka huu huu.

Naona mzee kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Engare Nanyuki. Karibu, baba, tuanze na wewe.