Harufu ya Gesi Jikoni

Ukiingia jikoni alfajiri ukakutana na harufu kama ya yai viza, usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Harufu hiyo hutiwa makusudi ili ikuonye. Tena gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kutuama chini ya makabati. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje.

Kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Wapo wanaopima kwa njiti ya kiberiti. Nawasihi, acheni kabisa!

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, mara nyingi uji au maharage yaliyofurika yameziba matundu ya jiko. Funga gesi, subiri jiko lipoe, ng'oa kichwa cha jiko, kioshe, zibua matundu kwa sindano, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Na mpira uliopasuka usiufunge kwa gundi. Nunua mwingine leo.