Dawa Zinazotiwa Kisiri Katika Chakula: Matokeo Yake ya Kijinai Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, ugonjwa au kifo cha ghafla baada ya watu kunywa kasiksi, yaani pombe ya ndizi, au kula pamoja msibani, mara nyingi huhusishwa na sumu, na mtuhumiwa huweza kuhukumiwa kijijini kabla polisi hawajapata habari. Mada hii inachambua jinsi Sheria ya Adhabu ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inavyomkabili anayemtilia mwenzake dawa bila yeye kujua, na inashikilia kwamba ugumu wa kesi hizi umo katika ushahidi, kwani vifungu vya kuadhibu havikosekani.

2. Makosa na adhabu

Sheria hulitaja tendo hili kwa kufuata kitu kilichotiwa, dhamira ya mtendaji na madhara yaliyotokea. Kifungu cha 49 kinahusu uuaji unaotekelezwa kwa vitu viwezavyo kuua, haraka au polepole, kwa njia yoyote vilivyotolewa, na adhabu yake ni kifo, bila upande wa mashtaka kulazimika kuthibitisha kwamba tendo lilipangwa mapema. Mlaji akinusurika ilhali dhamira ilikuwa kumuua, kosa huwa jaribio, nalo, kwa kifungu cha 4, huadhibiwa sawa na kosa lililokamilika.

Pasipokuwa na dhamira ya kuua, kifungu cha 50 kinaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 20 kwa aliyemsababishia mwingine ugonjwa, au kushindwa kufanya kazi, kwa kumpa makusudi kitu kiwezacho kuua au kudhuru afya vibaya. Hivyo anayechanganya dawa ya usingizi katika kinywaji kwa mzaha hasalimiki kwa kudai kuwa alitania. Vilevile, sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kuwa ubakaji kumwingilia mtu aliyepotezewa fahamu kwa hila, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 20.

3. Ushahidi

Mahakama hudai ithibitishwe kwamba kitu kinachodaiwa kutiwa kilikuwamo katika chakula, kwamba mshtakiwa ndiye aliyekitia akijua, na kwamba ndicho kilichodhuru, wala si malaria au homa ya matumbo. Mabaki ya chakula, matapishi na damu visipohifadhiwa mapema, uhusiano huo haupatikani tena. Na mgonjwa akianzia kwa mganga anayemtapisha, tiba yenyewe huweza kufuta alama ambazo daktari angezitafuta.

4. Tuhuma zisizothibitishwa

Kifungu cha 17 cha Katiba ya mwaka 2006 kinamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Wanaompiga hadi kufa kwa dhamira ya kumuua huwa wauaji, na wanaomnywesha dawa ili kupima ukweli wake hutenda kosa la jaribio la kishirikina, linaloadhibiwa na kifungu cha 57, yaani nao humlisha mtu kitu cha hatari wakidai kupambana na sumu.

5. Hitimisho

Kwa kuwa waraka wa Wizara ya Sheria wa tarehe 13 Machi 2024 uliondoa usitishaji wa utekelezaji wa hukumu za kifo uliodumu tangu 2003, kosa la ushahidi katika kesi ya sumu huenda lisirekebishike. Inapendekezwa kwamba wauguzi wa vituo vya afya wafundishwe kuhifadhi sampuli na kuandika dalili na saa zilipoanza, na kwamba machifu wawakabidhi watuhumiwa kwa polisi badala ya kuwaitia mganga.