Somo la Redio: Meli Iliyopinduka

 Mwalimu akisha weka mezani ndoo ya maji, kopo tupu, nyundo na msumari, tuanze.

Leo twasoma habari za sinema. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walipenda sana sinema za maafa: ndege iliyo hatarini, jumba refu linalowaka moto, mji unaotikiswa na tetemeko. Kila sinema ilikusanya wachezaji mashuhuri wengi pamoja. Hila hiyo ni nzuri. Katika michezo mingine mchezaji mkubwa hafi upesi. Hapa wakubwa ni wengi, wala huwezi kukisia nani atapona.

Mojawapo ni The Poseidon Adventure, ya mwaka 1972. Wamo Gene Hackman, Ernest Borgnine na Shelley Winters. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wimbi kubwa linaipindua meli ya abiria, tumbo likawa juu. Watu wachache wanapanda ndani kwa ndani kulifuata tumbo hilo. Hackman anakufa, Winters anakufa. Waliobaki wanagonga chuma. Waokoaji walio nje wanasikia, wanakata tundu kwa moto, na watu 6 wanatoka wazima.

Sasa sikilizeni habari ya kweli. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka katika Ziwa Victoria. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Haikuzama mara moja, ilielea tumbo juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa ikatoka, na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Kwa nini? Geuzeni kopo, mdomo chini, mlisukume ndani ya ndoo. Linagoma, sivyo? Ndani mna hewa, na maji hayana nafasi ya kuingia. Litoeni, toboeni kitako chake kwa msumari, mlisukume tena. Wekeni kidole juu ya tundu: mtasikia hewa ikipuliza, na maji yanapanda. Hewa ile ndiyo iliyoishikilia meli, tena ndiyo waliyokuwa wakiivuta wale waliomo. 

Njia nyingine ni wapiga mbizi, waingiao kwa chini. Mwaka 2013 meli ndogo ilizama karibu na pwani ya Nigeria, mita 30 hivi kwenda chini. Mpishi mmoja alikaa karibu siku 3 katika hewa iliyobaki chumbani. Wapiga mbizi waliofuata maiti wakamkuta hai, wakamtoa.

Mtaniuliza, je, mitumbwi yetu? Hiyo ni habari nyingine. Tieni kipande cha mbao majini, kisha kitoboeni vilevile kwa msumari. Kila mmoja aandike katika daftari lake aliyoyaona.