Kulia kwa nani?

Haya vijana, leo tuzungumzie ramani ya mwili. Simama wima, tazama mbele, mikono ubavuni, viganja vielekee mbele. Huo ndio mkao ambao madaktari huuanzia wanapoeleza mwili, hata kama mgonjwa amelala.

Sasa fikiria mikato mitatu. Wa kwanza, sajitali, unashuka toka utosini na kutenga kulia na kushoto. Wa pili, koronali, unatenga mbele na nyuma: kifua huku, mgongo kule. Wa tatu umelala kama mkanda wa suruali, unatenga juu na chini.

Lakini mkikabiliana na daktari, mkono wake wa kulia unatazamana na wako wa kushoto. Je, "kulia" ni kwa nani? Ni kwa mwenye mwili, siku zote! Ndiyo maana kwenye picha za baiolojia ini, lililo kulia kwa mtu, unaliona kushoto kwa ukurasa.

Hii si ya mtihani tu. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi hutulia chini, kulia mwa tumbo. Na upande ukikosewa, mtu anaweza kupasuliwa pasipo na ugonjwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, inataka sehemu ihakikishwe kabla kisu hakijagusa ngozi.

Basi ukiumwa usiseme "tumbo" ukaishia hapo. Onyesha kwa kidole: juu au chini, mbele au nyuma, kulia kwako au kushoto. Hata pakiwa chini ya kitovu, usione haya. Mwili ni wako, sema!