Kunukuliwa Kumemponya Nani?



Mwaka jana kamati yetu ya elimu iliwasomea taarifa ya binti yetu, tuliyemchangia ada ya masomo ya saikolojia ya tiba. Tulitaja kwa fahari makala alizochapisha na mara zilizonukuliwa. Mzee mmoja akasimama akauliza: "Kunukuliwa huko kumemponya nani hapa kwetu?" Hatukuwa na jibu. Leo tunajibu.

Mtafiti hunukuliwa pale mwenzake anapoandika kazi yake na kuitaja ile aliyoitumia. Kipo hata kipimo kiitwacho h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye makala 10, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara 10, ana h ya 10. Kinasaidia, lakini kina mipaka. Mkongwe humzidi kijana kwa wingi wa miaka tu, na makala huweza kunukuliwa hata na anayeipinga. Wala hesabu hiyo haisemi ni mgonjwa yupi alipata usingizi.

Hata hivyo, wazee wetu, tusiidharau. Tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakawasikiliza, wakatafuta nao njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Washona huita hali hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mtu ana mawazo. Mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la JAMA la Marekani, kutoka kliniki 24 na watu 573. Baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81 za dalili kati ya 14. Waliopata huduma nyingine walikuwa na 8.90.

Wengine wakaisoma kazi hiyo, wakainukuu, na benchi likafika Malawi na hata Zanzibar. Kama isingeandikwa, huenda ingebaki habari ya mtaa mmoja.

Basi mzee wetu, kunukuliwa hakumponyi mtu. Kunaonyesha kwamba maarifa yanasafiri. Kwetu hayajafika, na kosa ni la kamati: tulimwomba binti yetu hesabu, hatukumwomba arudi na alichojifunza.

Mwaka huu tunaomba mchango wa kuwafundisha akina mama sita kusikiliza wenye mawazo, chini ya usimamizi wa zahanati, na wa kutengeneza benchi mbili chini ya mwembe pale nje. Naye binti yetu amekubali kwamba kila makala atakayochapisha atakuja kutusomea kwa Kiswahili, mkutanoni hapa.

Mwakani msituulize tu amenukuliwa mara ngapi. Tuulizeni wangapi waliketi kwenye benchi, na wangapi wamerudi shambani na sokoni. Mcheza kwao hutunzwa. Naye acheze kwao, nasi tumtunze.

Mweka hazina yuko mezani. Karibuni.