Wajibu Wetu kwa Sanamu ya Askari

Wako wasemao kwamba kuichafua Sanamu ya Askari, pale katikati ya jiji, si kosa, kwa kuwa ni ukumbusho wa wakoloni. Ni kweli, Waingereza ndio walioizindua mwaka 1927. Lakini maandishi yake yanawataja na wapagazi wa vita vya 1914–1918. Hao ni babu zetu. Wengi hawakwenda kwa hiari. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, wakazikwa njiani bila jina. Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo.

Basi abandikaye matangazo juu ya sanamu hiyo, au abanduaye shaba yake akaiuze pamoja na vyuma chakavu, anamdhulumu marehemu asiye na kaburi jingine. Na mnunuzi je? Huyo ana duka, ana jina, na huenda Jumapili tunapeana naye amani kanisani. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamwendee mapema, kabla ya polisi.