Saa 72 Hazisubiri Kikao: Maneno kwa Kamati za Parokia





Tumezoea kuzungumza juu ya UKIMWI kama jambo la miaka mingi: yatima, wajane, dawa za maisha. Leo tunaomba tuzungumze juu ya siku tatu tu.

Mtu aliyebakwa, muuguzi aliyejichoma sindano yenye damu, mhudumu wa wagonjwa majumbani aliyerukiwa na damu machoni, au mtu aliyepasukiwa na kondomu, bado anaweza kukingwa asipate VVU. Dawa hizo za dharura huitwa PEP. Ni ARV, ila hupewa mtu ambaye bado hana maambukizi, na ndiyo maana hupimwa kwanza. Masharti ni mawili: aanze mapema iwezekanavyo kabla ya saa 72 kupita, na ameze kila siku kwa siku 28. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 juu ya watumishi wa afya waliojichoma sindano ulionyesha kuwa hata AZT peke yake ilipunguza hatari kwa takriban asilimia 80. Dawa za sasa ni bora zaidi. Hata hivyo PEP si chanjo, wala haimkingi mtu kesho.

Huku kwetu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Nyarugusu na Rwamagasa, saa hizo hupotea kwa njia tunazozijua. Binti anaumizwa Jumamosi usiku. Jumapili familia inaficha aibu. Jumatatu wazee wanaitwa. Jumanne wanapatana ng'ombe wa faini. Jumatano ndipo binti anapelekwa hospitali, na muda umekwisha. Ng'ombe wale hawawezi kumrudishia.

Pengine familia huenda polisi kwanza kufuata fomu ya PF3 na kukesha huko. Fomu hiyo ina kazi yake katika kesi, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kusaidia. Ila kama kituo cha polisi kiko mbali, mgonjwa afikishwe kwanza kwa mganga, na mtu mwingine afuatilie fomu. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, lakini hata kama ameoga, aende.

Kwa wachimbaji wadogo kuna shida nyingine. Machimbo mapya yakivuma, watu huhama usiku huohuo, na dozi hukatika siku ya kumi. Anayehama ahame na vidonge vyake, na akipata kichefuchefu arudi kwa mganga, asiache.

Wapo wanaotuuliza kama kwa kutangaza dawa hii hatuhalalishi dhambi. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba Msamaria mwema hakumhoji majeruhi alikuwa akifuata nini kwenye barabara ile. Alifunga majeraha kwanza. Mafundisho juu ya uaminifu yanaendelea, na aliye hai ndiye anayeweza kuyasikia.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, mwulizeni Mganga Mkuu wa Wilaya ni vituo gani vina PEP, hasa usiku na Jumapili, maana si kila zahanati inayo. Pili, chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wanaoweza kutunza siri, na namba zao zitangazwe katika jumuiya ndogo ndogo. Tatu, tengeni fedha kidogo ya nauli. ARV zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004, lakini bodaboda ya usiku hailipwi na serikali.

Wafadhili wetu, hapo kwenye nauli ndipo tunapowahitaji. Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba kwamba mtu anayebisha mlango wa parokia usiku asiambiwe asubiri hadi asubuhi.